Besi Inaanzia Kwenye Uzi



Jumapili mbili zilizopita nilikuwa natoka kanisani, kijana mmoja wa kwaya akanisubiri mlangoni. Mgongoni alikuwa amebeba gitaa la besi ndani ya mfuko wa unga ulioshonwa kwa mkono na kutiwa kamba mbili za kubebea. "Shikamoo, baba." Marahaba, mwanangu. Akanieleza kwamba tangu Pasaka anaweka akiba kidogo kidogo, sasa amefikisha laki tatu na nusu, na anaomba nimwelekeze duka la Kariakoo ambako atapata pikapu mpya, kwa sababu gitaa lake halina sauti. Wengine mnajiuliza gitaa na pikapu wapi na wapi. Wapiga gitaa tunaita pikapu ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Inakaa chini ya nyuzi, na kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa chuma kuwa umeme.

Nikamwomba asinunue kitu chochote bado. Aje nyumbani Jumanne, aje na gitaa, na waya anaotumia, na mkanda wake. Leo nataka niwasimulie tulichokikuta siku ile, maana ndicho ninachokikuta kwenye besi nyingi zinazoletwa kwangu, na inaniuma kuona vijana wetu wakimaliza fedha za jasho lao kwenye vipuri visivyohusiana na ugonjwa walionao.

Kwanza tuelewane besi ni nini. Ule uzi mnene kuliko wote, uzi wa E, ukiupiga mtupu unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Wa A unatikisika mara 55, wa D mara 73, wa G mara 98. Sasa wewe unayenisikiliza kwa redio ndogo iliyo dirishani jikoni, au kwa simu uliyoiweka mfukoni, spika yako haina ubavu wa kuisukuma hewa mara 41 kwa sekunde mpaka isikike. Ni ndogo mno. Hata hivyo wimbo wa dansi ukipigwa hapa redioni, besi unaisikia na bega linatikisika. Inakuwaje?

Inakuwa hivi. Uzi haupigi sauti moja peke yake. Pamoja na zile mara 41, uzi huohuo unatikisika pia mara 82, na mara 123, na mara 164, na kuendelea juu, sauti ndogo ndogo zilizopandiana kama ngazi. Redio yako inatoa hizo za juu. Ubongo ukizisikia zimepangana hivyo, unajua ngazi ile imeanzia wapi, unaijaza mwenyewe ile ya chini ambayo spika haikuitoa. Sikio linamalizia kazi. Nililielewa jambo hili nikiwa tayari nimepiga besi miaka mingi, na likabadilisha kabisa namna ninavyotumia fedha kwenye gitaa. Kama zile sauti za juu ndizo zinazoibeba besi mpaka jikoni kwa msikilizaji, basi tuulize zinatoka wapi. Zinatoka kwenye uzi, na kwenye kidole kinachougusa. Pikapu haiumbi sauti, inapokea ilichopewa na uzi. Kama uzi umekufa, hata ukiuwekea sumaku iliyotengenezwa California itakuletea maiti yuleyule.

Nyuzi za kijana yule zilikuwa zimekufa. Zilikuja na gitaa alipolinunua kwa mtu, miaka minne iliyopita, na hajawahi kuzifungua. Nilichukua kipande cha kanga kuukuu nikakipitisha kwenye uzi wa A kuanzia kichwani mpaka darajani. Kikatoka na mstari mweusi, na ukikinusa unasikia kutu. Huku pwani ndivyo ilivyo. Hewa ya chumvi ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja inakula chuma usiku na mchana, na ukiongeza jasho la vidole inakuwa kama kuumwagia uzi maji ya bahari. Uzi wa besi ni waya wa katikati uliozungushiwa waya mwingine kwa nje. Uchafu unajipenyeza katikati ya ile mizunguko, na kwa kuwa haujai kwa usawa, uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale. Ngazi ya zile sauti za juu inapinda. Ukiukaza uzi mtupu unakubali kukaa, lakini ukibana freti ya 7, yaani kile kichuma cha saba shingoni, sauti imeshakwenda pengine, na mwimbaji anaanza kutazama nyuma.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya nyuzi, na hapa ndipo mtu anatakiwa achague kwa makini kuliko mahali pengine pote. Ziko nyuzi za raundi, ambazo waya wa nje ni wa mviringo, ukipitisha ukucha unakwaruza kama unapitisha kwenye meno ya kitana. Na ziko za flati, ambazo waya wa nje ni bapa, laini kama utepe. Leo Fender alipoanza kuuza Precision Bass mwaka 1951, kule Fullerton, California, nyuzi zilikuwa flati, kwa sababu wapigaji aliowalenga walitoka kwenye besi kubwa la kusimama na mlio waliouzoea ulikuwa ule mzito, mfupi, usio na mng'ao. Raundi zilikuja kushika miaka ya 1960 huko Uingereza, pale kampuni ya Rotosound ilipozitengeneza kwa kushirikiana na John Entwistle wa kundi la The Who, ambaye alitaka besi yake ilie kama upande wa chini wa piano.

Mlio upi ni bora? Inategemea unapiga nini. James Jamerson, yule aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown mjini Detroit, alitumia flati nene na alikuwa habadilishi uzi mpaka ukatike. Chini ya kifuniko cha daraja mliwekwa sponji ili noti isiendelee kulia. Mtu anaweza kuniuliza, mbona umesema nyuzi kuukuu zimekufa? Flati haina mianya ya kuhifadhi uchafu kama raundi. Inazeeka kwa usawa, inapoteza mng'ao taratibu lakini inabaki kwenye sauti yake. Raundi ikizeeka kwenye joto la pwani inapoteza vyote viwili.

Chukueni wimbo ambao karibu kila msikilizaji wangu anaujua, "Sina Makosa" wa Les Wanyika, waliopigia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970. Usikilizeni tena, safari hii mwacheni mwimbaji apite, mfuateni Tom Malanga kwenye besi. Anadondosha noti chache, ananyamaza. Anadondosha nyingine, ananyamaza. Ndani ya ule ukimya gitaa la rhythm la Omari Shabani linapata mahali pa kukaa. Mtindo wa namna ile unataka noti inayoanza wazi na kukoma kwa wakati, isiyoburuta mkia na kumwingilia mwenzake. Anayeupenda, namshauri ajaribu flati, au abaki na raundi zake na akate kipande cha sponji la godoro, unene wa kidole gumba, akichomeke chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Hiki ni kifaa ambacho hakiuzwi, na mimi nakiweka katika vifaa vitano vya kwanza vya mpiga besi. Kwenye taarabu ya Unguja, ambako besi kubwa la kusimama limeshika nafasi hii kwa miaka mingi, gitaa la besi lenye flati linaingia bila kuonekana mgeni. Lakini ukienda kwenye benga, ambako besi inakimbizana na solo na kila noti inataka ionekane, flati zitakufunga miguu. Pale weka raundi mpya, na uzitunze.

Unene nao uangaliwe. Seti ya kawaida ya nyuzi nne inaandikwa 45, 65, 85, 105, hizo ni sehemu za elfu moja za inchi. Ziko nyembamba zinazoanzia 40, rahisi kwa vidole lakini kwenye E zinalegea ukipiga kwa nguvu. Wa nyuzi tano anaongeza ule wa B, mara nyingi 130. Urefu pia: besi nyingi zina inchi 34 kutoka kidaraja cha juu shingoni mpaka daraja la chini, sentimita 86 na kidogo, kwa hiyo tafuta pakiti iliyoandikwa ya kipimo kirefu. Nimeona mtu amenunua fupi, ule waya mnene ukaishia njiani kabla ya kufika kichwani. Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, omba ufunguliwe pakiti. Uzi mzuri umenyooka, mzunguko wake umekaza, na kile kijishanga cha mwisho hakichezi. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Na wakati wa kuzifunga, kuna kosa moja linaloharibu uzi wa fedha nyingi kwa sekunde moja. Usiukate uzi ukiwa umenyooka. Ukunje kwanza kona kali pale unapotaka kukata, halafu kata mbele ya kona hiyo. Ukikata bila kukunja, ule waya wa nje unaweza kulegea kwenye kiini na kuzunguka, na uzi utalia kama umewekwa karatasi. Acha urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu kwenye ufunguo.

Asiye na fedha ya nyuzi mpya leo asikate tamaa. Zifungue, zikunje kwenye chupa yenye mdomo mpana, mimina spiriti zizame, funika, ziache usiku kucha mbali na jiko na moto. Asubuhi zitoe, zifute, ziache zikauke kabisa. Utashangaa rangi ya ile spiriti. Wapo wanaozichemsha kwenye sufuria, na kweli zinaamka, ila maji yanayobaki ndani ya mizunguko yanarudisha kutu haraka, kwa hiyo mimi nimeacha. Hazitakuwa mpya, lakini zitakuvusha wiki chache.

Turudi kwa kijana. Kabla ya kufikiria nyuzi mpya nilimwambia aishike shingo. Abane uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi uliobanwa pande mbili hivyo ni rula, hauwezi kudanganya. Nikainama nikatazama katikati, kwenye freti ya 8. Pengo kati ya uzi na freti lilipitisha sarafu. Linalotakiwa ni la kupitisha kadi ya vocha, basi. Shingo ilikuwa imepinda kama upinde, ndiyo maana kijana alikuwa anabana nyuzi kwa nguvu zote na vidole vyake vimeota sugu mahali pasipostahili.

Nyuzi nne zilizokazwa zinavuta kwa jumla kilo 80 na ushei, sawa na mtu mzima amening'inia kwenye kile kijiti usiku na mchana. Ili shingo isishindwe, ndani yake imepitishwa fimbo ya chuma yenye nati kwenye ncha. Ukiikaza, inaivuta shingo irudi nyuma. Nililegeza nyuzi kidogo, nikatia spana ndogo ya pembe sita, nikazungusha robo. Robo tu. Kisha tukanywa chai, kwa sababu mti hauhami kwa amri, unahama taratibu. Tukakaza nyuzi tena, tukapima, nikaongeza robo nyingine. Ukikuta nati imegoma, acha, mpelekee fundi. Fimbo ikikatika, shingo imekwenda.

Baada ya hapo tukashusha vile vijisehemu vya daraja vinavyobeba kila uzi, mpaka kwenye freti ya 12 uzi wa E ukawa juu milimita mbili na nusu na wa G mbili. Tukapima na usawa wa sauti: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upate ule mlio mwembamba kama kengele, halafu ubane hapohapo. Milio miwili iwe sawa. Wa kubana ukiwa juu, rudisha kijisehemu nyuma uzi urefuke. Ukiwa chini, kilete mbele. Hii ni kazi ya bisibisi na subira. Haihitaji kipuri hata kimoja, na ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku mtu kununua chochote cha gitaa kabla hajaifanya.

Nilipotazama pikapu ndipo nikaelewa ile "halina sauti". Zote mbili zilikuwa zimezama ndani ya bodi, karibu zifichike. Chini ya kila moja huwa kuna sponji au springi ya kuinyanyua, na za gitaa hili zilikuwa zimeoza, zimekuwa unga. Tukakata sponji jipya, lilelile la godoro, tukaweka, tukazungusha skurubu mpaka pikapu zikasogea. Ukibana freti ya mwisho, acha kama milimita tatu kati ya uzi na vichwa vya sumaku. Usiweke karibu zaidi ya hapo sana, maana sumaku inaukamata uzi na noti inaanza kuyumba kama mlevi. Tulipochomeka waya, kijana akapiga E, akanitazama, akapiga tena. Sauti ilikuwa imerudi, na laki tatu na nusu iko mfukoni.

Ila kulikuwa na mgurumo, ule mgurumo wa umeme ambao wapiga besi wa hapa tunaujua kama jirani. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde. Bana uzi wa E kwenye freti ya 3, unapata G, na G ile inatikisika mara 49. Mnaona balaa lenyewe? Mgurumo wa ukutani unakaa karibu kabisa na noti tunayoipiga kila siku. Kwa mpiga solo ni kero ya pembeni, kwetu sisi ni mtu wa pili anayepiga besi mbovu juu ya besi yetu.

Besi ya kijana ni ya muundo wa Jazz Bass, ule ulioanza mwaka 1960, wenye pikapu mbili nyembamba. Ya nyuma alikuwa ameifunga kabisa voliumu, kwa sababu mtu alimwambia sauti nzito iko mbele. Pikapu hizi mbili, kwenye magitaa yaliyotengenezwa sawasawa, zimezungushiwa waya na kupangiwa sumaku kwa kupingana, ili zikifunguliwa kwa kiwango kimoja mgurumo wa hii uue mgurumo wa ile. Ukifunga moja, mlinzi mmoja ameondoka. Tukafungua zote, mgurumo ukashuka. Ile Precision ilipata dawa hiyohiyo mwaka 1957, pikapu yake ilipogawanywa vipande viwili. Tukiwa hapo nikafungua bamba la vitufe. Waya wa ardhi ulikuwa umening'inia kwa unywele mmoja kwenye jeki, na jeki yenyewe inacheza kama jino la mtoto. Nikalehemu upya, nikaweka jeki nyingine, nikapulizia dawa ya kusafishia umeme ndani ya vitufe vilivyokuwa vinakwaruza. Nusu saa.

Hapa naomba wenye bendi na wenye makanisa wanisikilize kwa makini. Plagi zetu zina miguu mitatu, na mguu wa tatu ni wa ardhi. Nimeingia kumbi nyingi nikakuta waya zimechomekwa ukutani bila plagi, zimebanwa kwa vijiti vya kiberiti, na waya wa ardhi umekatwa na kutupwa, eti unaleta mgurumo. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma, na mdomo wake unagusa maikrofoni ya chuma iliyounganishwa kwenye mtambo mwingine. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, kwa kugusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi huku ameshika gitaa. Plagi moja na fundi umeme wa siku moja ni gharama ndogo kuliko kipuri chochote nitakachokitaja leo. Jumatano nilikwenda mwenyewe kwenye ukumbi wa kwaya ile na kubadilisha tatu.

Kuhusu daraja zito la shaba badala ya lile la bati lililokunjwa, sina mengi. Linashika marekebisho vizuri, halitetemi, lakini Jamerson alirekodi kwa la bati. Funguo za kukazia, badilisha zikiwa zinateleza, vinginevyo zipake tone la mafuta ya cherehani. Kidaraja cha juu shingoni, kama ni cha plastiki na kimechimbika, fundi mzuri atakuchongea cha mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukatoka mafuta yote, na hicho kitadumu kuliko gitaa. Mfumo wenye betri ndani, kama ulioletwa na Music Man StingRay mwaka 1976, una nguvu ya kuongeza na kupunguza besi na tribo hapohapo mkononi, na kwenye ukumbi wenye mwangwi unasaidia. Kumbuka tu kuchomoa waya ukimaliza, kwa sababu kwa kawaida jeki ndiyo swichi. Ukiuacha waya umechomekwa kila usiku, betri ya volti 9 itakwisha kabla ya wakati wake.

Na pikapu mpya? Zina wakati wake. Zinunue siku ambayo nyuzi ni nzima, shingo imenyooka, waya haukwaruzi, na bado unaweza kunieleza kwa maneno unachokikosa: nataka noti za juu zisipotee ngoma ikiingia, au nataka E isisambae. Anayeweza kusema hivyo ataingia dukani na kutoka na kitu sahihi. Anayesema halina sauti, bado.

Waya wa gitaa, au kebo kama wengi tunavyosema, chukua wa mita sita, wenye nyavu ya shaba ndani ya kuzuia mgurumo, na jeki unayoweza kuifungua ukailehemu mwenyewe. Mrefu kupita hapo unakula zile sauti za juu tulizozihangaikia tangu mwanzo. Usichanganye na waya wa kupeleka sauti kwenye spika. Kwa nje wanafanana, jeki ni zilezile, ila ndani ni vitu viwili. Wa spika ukiutumia kwenye gitaa unavuta kila mgurumo wa mtaani, na wa gitaa ukiutumia kwenye spika unapata moto na unaweza kuua amplifaya. Funga utepe mwekundu kwenye wa spika, yaishe. Na kama ukumbi una miksa, kisanduku cha DI kitaifikisha besi yako huko mbali ikiwa safi, badala ya kuikamua spika moja mpaka ipasuke.

Tyuna ya kubana kichwani ni nzuri, ila mara nyingi inababaika kwenye E. Ipigie ule mlio wa kengele wa freti ya 12, itaelewa mara moja.

Nimalizie na mkanda, kwa sababu huo ndio ulioniumiza moyo. Kijana alikuwa anapiga ibada nzima, saa tatu, kwa kamba ya mkoba wa laptopu, upana wa vidole viwili. Besi yake ina kilo nne na nusu. Begani ana alama, na amezoea kuegemea upande mmoja kama mzee. Mkanda wa besi uwe wa ngozi au turubai nene, upana wa kiganja. Usiteleze, maana shingo nzito ikianguka chini mkono wa kushoto unageuka mtumwa wa kuibeba badala ya kupiga. Na usichomoke. Vifungo vya kufunga mkanda vinauzwa, lakini kata pete mbili za mpira wa tyubu ya baiskeli, zivishe juu ya mkanda kwenye kila kitufe. Zangu zina miaka sita.

Ijumaa tulikwenda Kariakoo pamoja. Alinunua seti moja ya nyuzi za raundi, 45 kwa 105, kebo, na mkanda mpana mweusi wa turubai. Jeki nilikuwa nayo kabatini. Akabaki na karibu nusu ya fedha yake, akaniuliza kama inatosha begi la kubebea lenye sponji ndani. Inatosha, nikamwambia, ila kwa viatu ulivyovaa, duka la viatu liko hapo kushoto. Akacheka, akachagua begi.

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambako watoto wanalia na spika hazifiki. Walipofika kwenye kiitikio cha pili ngoma zikanyamaza, ikabaki besi na sauti za kina mama. Kila noti ilinifikia. Leo mchana amenipigia simu, anasema mwenzake wa rhythm anataka aje Jumanne na gitaa lake, nalo halina sauti. Nimemwambia waje saa kumi, na waje na waya wao.